Mkono wa Mama Kalekye

Tangu nirudi Malili, kila anayenikuta dukani kwa mama ananiuliza jambo lilelile: ni kweli daktari wa Nuu alilifuata gari letu kwa pikipiki akila vumbi, na kiti cha mbele alipewa akakikataa? Ni kweli. Lakini mkilisema hivyo kwa mkato linakuwa kichekesho, na mimi siku ile sikuwa na meno ya kuchekea. Nimeona niiandike safari yote ilivyokuwa, msome mara moja, kisha mniache niuze sukari kwa amani.

Kwa wasionijua, naitwa Wambui. Wazazi wangu walihamia Malili kutoka Murang'a kabla sijazaliwa, wakafungua duka kando ya barabara ya Mombasa. Kazi yangu ni sayansi ya jamii upande wa afya. Watu wakisikia neno afya hunionyesha vidonda, nami hulazimika kueleza kwamba sijui kutibu hata mafua. Kazi yangu ni kuuliza kwa nini watu wa mahali pawili, wenye mvua ileile haba na mifuko ileile mitupu, hawa wanazeeka vizuri na wale wanaanguka kabla ya wakati wao.

Safari hii jambo lilikuwa presha. Kanyangi, akina mama wazee wanakuja kupimwa bila kusukumwa. Nuu, mbali huko upande wa Mwingi, kuna mteremko mmoja ambao akina mama wake wazee hawatii guu katika dispensari, na ni hao wanaopooza. Mashine ziko kote, dawa ziko kote. Wakubwa walionituma walikuwa wameshajipa jibu, kwamba watu wa mteremko ule ni wakaidi. Nilitakiwa nikaone kama ni hivyo.

Na niseme wazi kwamba sikuondoka nikiwa mtulivu. Mama yangu alianguka jikoni hapa Malili, mwiko mkononi, na tangu siku hiyo upande wake wa kulia haumsikii. Hakuwa amepimwa hata mara moja. Kila mwanamke mzee ninayemwona akijishika shingo, mimi huona ule mwiko sakafuni.

Malili mpaka Kanyangi

Gari lilikuwa la jirani yetu Baba Njeri, ambaye pia ni mtu wa Murang'a na ambaye anaamini kwamba kila sauti ya gari ni mwanzo wa msiba. Kabla ya mji wa Wote alikuwa amesimama na kusikiliza magurudumu mara nyingi kiasi kwamba nilianza kusikiliza pamoja naye.

"Wambui, unasikia hiyo kitu?"

"Kitu gani?"

"Basi kama husikii, ni mimi. Mimi ndio niko na shida."

Tulivuka mto Athi jua likiwa kali, mbuzi wakiwa wamejaa darajani na mwenye mbuzi akiwa hana haraka yoyote. Kanyangi tulifika tumechelewa, lakini kliniki ya presha ilikuwa bado inaendelea. Akina mama walikuwa wamekaa kwenye fomu ndefu chini ya bati, wakipiga gumzo. Muuguzi, kijana kutoka upande wa Makueni ambaye Kikamba chake kilichekwa kwa lafudhi, alikuwa akiwafunga ule ukanda mkononi mmoja baada ya mwingine, nao wakimtania kwamba mikono yake ni baridi na atafute mke.

Niliwauliza kwa nini wanakuja. Mmoja akaniambia, "Si tunakuja tu. Kwani wewe ukiitwa hukuji?"

Halafu ikaletwa chai na mkate. Baba Njeri akanikonyeza. Alipopewa na sahani ya muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa yakachanganywa na maharagwe, akawa ameshamaliza utafiti. "Andika ni chai," aliniambia akitafuna. "Nuu hawapewi chai. Turudi nyumbani."

Nilicheka, lakini nililiandika. Hata mimi nilidhani huenda ni chai.

Kanyangi mpaka Nuu

Tulilala Kitui mjini, tukapita Mwingi asubuhi, tukaacha lami. Baba Njeri aliiaga lami kwa kuivulia kofia.

Kuna mto wa mchanga kabla ya Nuu. Maji hayaonekani, yako chini, na wanawake huchimba visima mchangani kuyafikia. Tulipofika katikati magurudumu yalizama na gari likakaa kitako. Wanawake waliokuwa wakichota maji waliacha mitungi yao, wakatuzunguka, wakaanza kubishana tusukumwe kwenda wapi.

"Nyinyi ni watu wa chakula cha msaada?" aliuliza mmoja.

"Hapana, mwaitu. Mimi nauliza tu mambo ya presha." Mwaitu ni mama yangu kwa Kikamba, hilo nilikuwa nimejifunza tangu shuleni, na limenifungulia milango mingi.

"Unauliza tu?"

"Nauliza tu."

Walitazamana, na nikaona wanatuhurumia. Wakasukuma. Mmoja wao, mnene, mwenye leso ya manjano, alisukuma mara mbili, akasimama, akajishika kisogo kwa mikono miwili na kufumba macho.  Nilimuuliza kama anaumwa. Akasema kichwa kinamgonga kidogo, ni jua.

Gari lilipotoka ndipo tulipojua kwamba huyo ndiye Mama Kalekye, mwenyeji wetu, ambaye kanisa lilikuwa limempangia atupokee. Tulimpakia na mitungi yake tukapanda naye mteremko. Ndiyo, mteremko wenyewe ule.

Nuu, kwa Mama Kalekye

Sijawahi kupokewa vizuri namna ile. Mama Kalekye ni mjane, anaishi na Mwende, mke wa mwanawe. Mwanawe anafanya kazi Mombasa. Tulipewa ndengu na chapati, maziwa ya mbuzi, na asali ambayo Baba Njeri aliilamba mpaka ikawa aibu. Na muda wote huo yule mama alikuwa akijipiga kisogo kwa ngumi, polepole, kama anayebisha hodi kwenye kichwa chake mwenyewe.

"Mwaitu, kwa nini usiende dispensari? Si ni hapo tu ng'ambo."

"Nitaenda."

"Lini?"

"Kesho." Kisha akaongeza, bila kuulizwa, "Huyo daktari wa hapo ni mtu mzuri sana. Hata mtoto wa Mwende ni yeye alimtibu."

Kesho yake nilimkumbusha. Akasema kesho. Nilienda mwenyewe dispensari. Daktari Musyoka ni muuguzi, ila Nuu nzima humwita daktari. Ni mtu wa makamo, mpole, anayesalimia kila anayepita. Wakubwa walikuwa wamemsifu sana kwangu: mwenyeji, anajua lugha, ameoa palepale. Walisema ukimpata muuguzi kama huyo, kazi imeisha.

Nilimkuta na wazee wawili wa kamati ya kanisa. Nikauliza mbele yao, kijinga tu, kama mila au desturi yoyote inawazuia akina mama wa mteremko ule.

"Hakuna," alijibu mzee mmoja haraka. "Sisi tumeokoka hapa. Mambo ya zamani tuliacha."

Musyoka alitazama mikono yake. "Wataanza kuja," alisema. "Nawaombea."

Nilitoka nimekasirika. Anawaombea! Nilihesabu niliyoyajua. Wanaume wa mteremko ule wanakuja dispensari. Wasichana wanakuja, Mwende anakuja. Ni akina mama wazee tu. Umbali ni uleule kwa wote, na chai haina umri. Nilipofika nyumbani nilimkuta Mama Kalekye amekaa chini, ameegemea ukuta, macho mekundu, akijitahidi kuchambua ndengu. Alichukua kokoto akaitia kwenye sufuria, akatupa ndengu. Hakuona.

 Niliamua nitafanya jambo.

Jambo nililofanya

Jumamosi nilimwambia Baba Njeri awashe gari. Tukaenda kwa Musyoka, nikamwambia kuna mgonjwa, achukue mashine yake tuende mbio. Hakuuliza ni nani. Alichukua mkoba akaingia. Sikumtajia jina maana nilishamhukumu kuwa ni mvivu, na nilidhani akisikia ni mteremko atatafuta kisingizio.

Tulipokata kona ya kuelekea kwa Mama Kalekye, akashtuka.

"Madam, tunaenda wapi?"

"Kwa Mama Kalekye."

"Simamisha gari."

"Daktari, huyo mama anaumwa!"

"Baba, simamisha gari tafadhali. Mimi siwezi fika hapo."

Baba Njeri ni mtu wa kusimamisha gari hata bila kuombwa, lakini siku hiyo nilimpigia kelele aendelee, naye akaendelea, tukaingia uani vumbi likitimka. Mama Kalekye alikuwa amesimama mlangoni. Alimwona aliyekuwa kiti cha mbele. Akavuta leso akajifunika uso mzima, akageuka, akakimbia. Mwanamke yule ambaye asubuhi alishindwa kuinua sufuria alikimbia akazunguka nyumba, akapita kibanda cha kuku, akajitupa kwenye shamba la mbaazi. Musyoka naye alikuwa ameshatoka kwa mlango wake, kichwa chini, akienda upande wa pili kwa hatua ndefu, mkoba kifuani.

Nilibaki katikati ya ua na kuku wakilia. Baba Njeri alizima gari. "Wambui," alisema kwa sauti ndogo, "umefanya nini?"

Sikujua. Nilijua tu kwamba nimemkimbiza mgonjwa wa presha. Nilimfuata kwenye mbaazi nikamkuta ameketi, anahema, mkono kifuani. Nilimwomba msamaha bila kujua ninaomba kwa kosa gani. Akanipigapiga goti.

"Wewe ni mtoto wa watu wengine," alisema. "Si kitu."

Jumapili, milango miwili

Kanisa la Nuu lina mlango mkubwa na mlango wa kando. Ibada ilikuwa ndefu, nami sikusikia neno. Nilikuwa nikimwangalia Mama Kalekye, mstari wa tatu upande wa kina mama, akipepea uso kwa kitabu cha nyimbo.

Kisha mchungaji akamwita Daktari Musyoka atoe tangazo la chanjo. Musyoka alipoinuka kupita katikati, nikaona jambo ambalo bila ya Jumamosi nisingeliona. Mistari miwili ya akina mama wazee, wote wa mteremko wetu, waliinamisha vichwa kwa pamoja, leso zikateremka usoni. Yeye naye alipita akitazama ukuta. Akina mama wa upande wa pili wa Nuu walimtazama tu kama kawaida na mmoja akamchekea. Ibada ilipokwisha Musyoka alitoka kwa mlango mkubwa. Mama Kalekye na wenzake walikuwa wameshatoka kwa mlango wa kando, na hakuna aliyewaambia.

Nilimshika Mwende mkono kabla hajatoka.

"Musyoka ni nani kwa mama?"

Mwende alinishangaa. "Kwani hukujua? Ni mkwe. Bibi yake ni mtoto wa ndugu ya marehemu mzee wetu. Hawa mama wote wa huku wameolewa ukoo huo, ni mama mkwe zake. Ni nthoni."

"Lakini wazee walisema mila waliacha."

"Hiyo si mila, Wambui. Hiyo ni heshima."

Nthoni ndiyo hiyo aibu njema kati ya mtu na mama mkwe wake: hawakaribiani, hawakaziani macho, hawagusani. Kwetu pia heshima ya wakwe ipo, lakini kwetu siku hizi huonekana siku ya harusi, kisha mkwe na mama mkwe wanagombania rimoti ya televisheni. Nilikuwa nimeuliza kuhusu desturi na ushirikina na maji na nauli. Sikuuliza daktari ameoa wapi. Na jambo lile ambalo wakubwa walilisifia, kwamba ameoa palepale, ndilo lililokuwa limefunga mlango. Yule muuguzi wa Kanyangi alikuwa mgeni asiye na mke. Alikuwa huru kushika mkono wa mama yeyote.

Nilimkuta Musyoka nyuma ya kanisa. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia.

"Ningekuambia, ungeandika," alisema. "Halafu huko wangesema hawa mama ni washamba. Ni mama zangu hao. Walinipa bibi. Niliomba niletewe mama muuguzi, hata siku moja kwa wiki. Nikaambiwa, wewe si ni mtu wa kwao? Una bahati."

"Na Mama Kalekye?"

Macho yakamlowa. "Madam, unafikiri mimi nalala?"

Mchana huohuo alitoa mashine dispensari, jambo ambalo haruhusiwi kufanya, akaja nayo kwa miguu mpaka nyuma ya nyumba ya Mama Kalekye, akampa Mwende aiingize, akakaa juu ya jiwe akiwa ameupa ukuta mgongo. Ndani tulikuwa Mama Kalekye, Mwende na mimi.

"Mwende," Musyoka alisema kupitia ukuta, "mwambie mwaitu akae, miguu iguse chini, asiongee."

"Mwambie nimekaa," alijibu Mama Kalekye.

"Mwende, umfunge mkono wa kushoto. Juu ya kiwiko."

"Mwambie amefunga."

"Mwende, mwambie mwaitu nimesema asiongee."

Mama Kalekye alifunika mdomo, na mabega yakamcheza kwa kicheko. Mashine ikanguruma. Mwende alizisoma namba kwa sauti.  Musyoka akatuambia tupime tena. Tukapima tena. Mwende akasoma, na namba hazikuwa zimeshuka.

"Wambui," aliniita Musyoka, na ilikuwa mara ya kwanza anitaje kwa jina. "Toa gari. Mwingi. Sasa hivi."

Nuu mpaka Mwingi

Mama Kalekye alikaa nyuma na Mwende. Mimi nilisimama nje nimeshika mlango wa mbele, nikimwonyesha Musyoka kile kiti. Alitikisa kichwa.

"Akiniona hapo presha itapanda zaidi. Nitawafuata."

Akateremka mbio mpaka sokoni, akakodi pikipiki, akapanda nyuma ya mwenye pikipiki, mkoba umefungwa tumboni. Nilipogeuka nilimwona ndani ya vumbi letu, anatokea na kupotea, kitambaa mdomoni. Baba Njeri, ambaye maisha yake yote ameendesha kama anayebeba mayai, aliendesha siku hiyo bila kusikiliza chochote. Mimi ndiye niliyesikiliza. Nilisikiliza pumzi ya nyuma yangu mpaka shingo ikakakamaa.

Tulipoukaribia ule mto wa mchanga nilianza kuomba. Baba Njeri naye alikuwa akiomba, kwa Kikuyu, kwa sauti. Tukaingia kwa kasi, tukafika katikati, tukazama.

Kabla sijafungua mlango Mwende alipiga ukelele. Mama Kalekye alikuwa amelala upande, matapishi kwenye leso, mdomo wazi. Nilimwita, hakuitika. Niliona mwiko sakafuni. Nilitoka nikakimbia mchangani nikipunga mikono kwa pikipiki, nikilia kama mtoto.

Musyoka aliruka kabla haijasimama. Akaja mbio, kisha, hatua chache kutoka garini, miguu ikamkatalia. Alisimama pale akitazama mchanga.  

"Daktari, anakufa!" nilimwambia. "Anakufa ukiwa hapo!"

Mwende ndiye aliyefanya la maana. Alichukua pembe safi ya ile leso ya manjano, akaifunika juu ya macho ya mama mkwe wake, akaacha pua na mdomo wazi. Hakumwambia Musyoka neno. Musyoka akavua koti lake, sijui kwa nini, labda kwa heshima, akaingia garini kwa magoti. Akamgeuza mama yule kwa ubavu, akamsafisha mdomo kwa kidole chake, akamshika mkono. Ukanda wa mashine ukamponyoka. Akauokota, akafunga.

Wanawake waliokuwa wakichota maji walikuwa wamesogea. Walimtambua mgonjwa, wakamtambua na aliyemshika. Nilingoja kelele. Hawakupiga. Walizunguka nyuma ya gari, wote, wakainamisha vichwa kwenye chuma na kusukuma, na hakuna hata mmoja aliyeinua uso kutazama kioo.

Gari likatoka. Musyoka hakushuka. Alibaki vilevile, kichwa cha Mama Kalekye kikiwa mapajani mwake, vidole vyake vikiwa kwenye mshipa wa mkono. Tulienda hivyo mpaka midomo ya Mama Kalekye ilipocheza chini ya leso.

"Ni nani amenishika?"

 Mwende alinitazama. Nikasema, "Ni daktari, mwaitu."

 Nilidhani amepoteza fahamu tena. Kisha akasema, polepole lakini kila neno likiwa kamili, "Mimi sijaona mtu."

Musyoka aliinamisha kichwa. "Anaongea vizuri," alininong'oneza, na machozi yalikuwa yakichora mistari kwenye vumbi la uso wake. "Maneno yake yote ni mazima."

Hakuuachia ule mkono mpaka Mwingi.

Kurudi Malili

Hospitalini walisema tumemwahi. Mguu wake mmoja umekuwa mzito kidogo, lakini anatembea, na mdomo wake ni uleule. Nilikuwa nikishtukashtuka usingizini siku zote alizolazwa. Baba Njeri, aliyekataa kurudi Malili bila kujua mwisho wake, alilala garini nje ya hospitali na kudai kwamba anachunga magurudumu.

Tulipomrudisha nyumbani, Mama Kalekye alimtuma Mwende akamkamate jogoo mkubwa. Akamfunga miguu mwenyewe kwa kamba ya katani, akaniwekea mapajani.

"Mtapita dispensari?"

"Tutapita."

"Mpe yule mtu ambaye sikumwona."

Nilimpelekea. Musyoka alimpokea jogoo kwa mikono miwili, akamtazama sana. "Mwambie ni muvea," alisema, yaani asante. "Mwambie hata mimi sikumshika mtu."

Wakubwa waliponipigia simu waliuliza swali moja tu: ni wakaidi au si wakaidi? Niliwaambia si wakaidi, ni mama wakwe. Nilieleza yote, nikasisitiza kwamba sitaki neno ushamba liandikwe popote. Nikaomba muuguzi mwanamke kutoka dispensari ya jirani afike Nuu kila Alhamisi, basi. Nilikuwa nimeshaanza kupanga matusi. Mwishowe wakasema watajaribu kwa muda, waone. Hiyo kwa muda inaninyima usingizi, maana najua jinsi vitu vya kwa muda vinavyoisha.

Alhamisi ya kwanza niliketi hapa dukani, simu mkononi, siuzi wala sinunui. Mama akaniambia nikitaka kuiangalia simu mpaka ipasuke nikaiangalie nje. Mwende alipopiga nilipokea kabla haijalia mara ya pili.

"Wamekuja?"

"Wamekuja. Wengine hata sikujua wanaumwa."

"Na mama?"

"Mama ndiye wa kwanza kwa laini," alisema Mwende. "Wambui, amekunja mkono wa rinda tangu nyumbani. Ametembea njia yote hivyo, mkono uko wazi."